Mama hajawahi kumeza antibiotiki hovyo, huo usugu kautoa wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Pasua, Moshi, nimelifupisha kidogo: "Mama yangu ana miaka 71, alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji na kulazwa wiki tatu, akawekewa mpira wa mkojo. Wiki ya pili homa ikapanda, wakamchoma seftriaksoni siku nne hakuna kitu. Walipootesha mkojo majibu yakaja klebsiela sugu, karatasi imeandikwa ESBL, ikabidi tutafute meropenemu kwa bei ya kuumiza. Daktari mmoja kijana akatuuliza mbele ya watu kama mama ana tabia ya kumeza dawa hovyo. Mama yangu hata Panadol anaiogopa! Sasa huo usugu kautoa wapi, au mwili wake umezoea dawa? Na sasa karudi nyumbani analala na mjukuu wa miaka miwili, watu wameanza kuniambia nimtenge. Naomba ukweli."

Dada yangu pole kwa kuuguza, na mama mfikishie shikamoo zangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo linaloumiza kuliko yote: msimtenge mama. Sababu nitazieleza huko chini ila leo hii mwacheni alale na mjukuu wake.

Mimi ni mtu wa maabara, upande wa kuotesha vimelea, mwaka wa kumi na nane huu hapahapa Kilimanjaro, sio daktari wa wodini. Yaani wale wadudu walioandikwa kwenye hiyo karatasi yenu mimi ndo ninaoshinda nao. Asubuhi nafungua inkubeta nakutana nao wamejaa kwenye sahani, klebsiela hasa anajulikana kabla hata hujampima, ana utelezi kama mlenda, ukimvuta na kijiti anavutika uzi.

Sasa hiyo habari ya "mwili umezoea dawa" naisikia kila wiki mpaka kwa watu wa afya wenzangu, na ndo imezaa lile swali la daktari wenu. Mwili wa mtu hauzoei antibiotiki. Anayekuwa sugu ni mdudu, na huyo mdudu usugu wake anatembea nao popote anapokwenda, akitoka kwangu akaingia kwako anaingia nao. Mwizi aliyevunja kufuli lako si lazima awe alijifunzia kwenye kufuli lako, alijifunzia huko Mbuyuni kwenye vibanda vya watu wengine miaka mitano iliyopita, kwako kaja tayari fundi. Kwa hiyo mama anaweza kuwa hajawahi kumeza kidonge hata kimoja maishani mwake na bado akapata mdudu sugu kuliko wote.

Ila swali lako lina kina zaidi ya hapo, maana unauliza usugu wenyewe unatoka wapi. Hapa naomba uvumilie kidogo maana ndo penye utamu.

Bakteria ana njia mbili za kupata usugu. Ya kwanza ni kukosea. Ikolai, bakteria wa kawaida wa tumboni, kwenye mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20, ukianza na mmoja saa kumi na mbili jioni, saa saba usiku una zaidi ya milioni mbili, na kila akijigawa anabidi anakili vinasaba vyake vyote, sasa kwenye kunakili mara milioni mbili huwezi kukosa makosa, na kosa moja moja linatokea kuwa la faida, labda pale dawa inapong'ang'ania pamebadilika umbo kidogo dawa inateleza. Dawa ikija wenzake wanakufa yeye anabaki peke yake na chakula chote. Kifua kikuu kinakwenda kwa njia hii tu. Wale wagonjwa wa TB sugu wanaotibiwa Kibong'oto kule Siha, mdudu wao alipata usugu kwa makosa ya kunakili, hakupewa na mdudu mwingine, ndo maana kwenye TB wanakukazania dawa nne kwa pamoja na miezi sita bila kuruka, kwa sababu mdudu mmoja kukosea mahali panne kwa wakati mmoja ni ngumu sana.

Njia ya pili ndo ya klebsiela wa mama, na hii wanafunzi wataielewa haraka kuliko maprofesa: wadudu wanadesa, yaani wananakiliana majibu.

Kila bakteria ana kitabu chake kikubwa cha vinasaba ambacho anaishi kwacho. Lakini wengi wana na vikaratasi vya pembeni, viduara vidogo vya DNA vinavyoitwa plazimidi, ambavyo haviko ndani ya kile kitabu. Ni desa. Desa moja linaweza kuwa na maelezo ya namna ya kuharibu penisilini, na namna ya kuilemaza jentamaisini, na namna ya kuikwepa Septrin, yote kwenye karatasi moja. Na hili desa bakteria anaweza kulitoa fotokopi akampa jirani huku la kwake akabaki nalo. Anatoa kimrija kama unywele, anamgusa mwenzake, wanavutana karibu, nakala inapita, ndani ya dakika chache yule aliyekuwa anakufa kwa dawa ya kawaida hafi tena. Na watoto wake wote watazaliwa na desa mkononi.

Na hawabagui ukoo. Klebsiela anampa ikolai, ikolai anampa enterobakta, wakati hao ni jamii tofauti kabisa. Ni kama ng'ombe akutane na mbuzi malishoni wakagusana mabega, jioni mbuzi anarudi nyumbani na pembe za ng'ombe na mwakani anazaa vitoto vyenye pembe za ng'ombe. Ukisimuliwa utasema uchawi.

Na hata wanasayansi walikataa mwanzoni. Wajapani ndo waliofungua macho ya watu. Miaka ya 1950 kule kwao kulikuwa na ugonjwa wa kuhara damu, shigela, wakawa wanautibu kwa salfa, halafu streptomaisini, tetrasaiklini, kloramfeniko. Ghafla wakaanza kupata wagonjwa ambao mdudu wao ni sugu kwa zote nne kwa mpigo. Sasa hesabu ya makosa inagoma hapo, mdudu mmoja akosee mara nne kwa usahihi, tena kwa wagonjwa wengi, haiingii akilini. Walipochunguza wakakuta mgonjwa yuleyule ana ikolai tumboni, mdudu wa kawaida tu ambaye hata hamuumizi, na yeye ni sugu kwa dawa zilezile nne. Mwaka 1959 Akiba na Ochiai, kila mmoja na kundi lake, wakaonyesha kwamba ukiwachanganya ikolai sugu na shigela asiye sugu kwenye chupa moja, shigela anatoka sugu. Neno plazimidi lenyewe lilikuwepo tangu 1952, Mmarekani Joshua Lederberg ndo alilitunga, lakini kwamba hivi viduara vinaua watu hospitalini, hilo limetoka Japani.

Kwenye desa la klebsiela wa mama kuna nini? Hizo herufi ESBL zinamaanisha ana jeni ya kutengeneza kimeng'enya kinachokata penisilini na ndugu zake wengi mpaka wale wa kizazi cha tatu, seftriaksoni akiwemo. Dawa hizi zote zina kipete kidogo katikati, pembe nne, ndo nguvu yake yote ilipo. Kimeng'enya kinafungua kile kipete, basi, hiyo sindano mliyonunua imebaki maji ya chumvi. Ukubwa wa dozi hausaidii hata wangemchoma mara mbili.

Vimeng'enya vya namna hii sio vipya, cha kwanza kilielezwa 1940, na mwaka huo penisilini ilikuwa bado inajaribiwa tu. Mwaka 1965 kule Athens wakapata kingine kwenye plazimidi, wakakipa jina TEM kutokana na jina la mgonjwa, kikasambaa dunia nzima. Wenye dawa wakaleta kizazi cha tatu kumshinda TEM, haikupita muda, 1983 Wajerumani wakaripoti klebsiela anayevunja na hizo. Siku hizi anayetawala anaitwa CTX-M, na historia yake mimi huwa inanichekesha kwa uchungu, maana jeni yenyewe haikuzaliwa kwa mdudu hatari. Imetoka kwa bakteria mmoja anaitwa kluyvera, mpole, anaishi kwenye maji na udongo huko, kwa kawaida hana shida na mtu. Ilikuwa kwenye kitabu chake kikubwa imetulia. Kuna vipande vya DNA vina tabia ya kuruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kimoja kikairukia hiyo jeni kikaibeba kikaipachika kwenye plazimidi, na plazimidi ikaingia kwa ikolai na klebsiela, na hao wanaishi tumboni mwetu.

Kwa hiyo ukiniuliza usugu wa mama kautoa wapi, jibu la mbali kabisa ni udongoni. Kule Yukon, Kanada, wamechimba ardhi iliyoganda miaka 30,000 wakakuta jeni za usugu humo ndani, miaka ambayo hapakuwa na duka la dawa wala mtu wa kumeza hovyo. Antibiotiki nyingi zimetokana na fangasi na bakteria wa udongoni wanaopigana wenyewe kwa wenyewe, sasa penye mshale pana na ngao. Sisi tulichofanya ni kuwaua wote wasio na ngao, tena kwa haraka, miaka themanini tu.

Haya tuje wodini.

Mama kalazwa wiki tatu. Wewe unasema hajawahi kutumia antibiotiki ila nakuhakikishia katumia, hukuambiwa tu. Upasuaji wa nyonga lazima mtu achomwe antibiotiki kabla ya kisu, na hiyo ni sahihi kabisa, sindano moja ndani ya saa mbili kabla ya kuanza. Shida ni kwamba sehemu nyingi wanaendeleza siku tano, siku saba, "kwa usalama". Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2016 kwamba baada ya upasuaji kwisha usiendelee nayo kwa ajili ya kuzuia, haisaidii kidonda, inachofanya inafagia wale bakteria wema wa tumboni na kumwachia nafasi sugu kama yupo. Sijui mama alichomwa siku ngapi, angalia kwenye faili.

Na huyo sugu kafikaje? Hapa sitazunguka, mikono. Nesi mmoja usiku ana wagonjwa thelathini, anamgeuza huyu, anamwaga mkojo wa yule, anampima presha wa tatu, na sinki liko mwisho wa wodi na siku hiyo maji yanatoka kwa matone. Simlaumu nesi, dada yangu mwenyewe ni nesi, ila ndo ukweli. Glavu nazo zinadanganya, mtu akishavaa anajiona msafi anazunguka nazo vitanda vinne.

Halafu mpira wa mkojo. Mkojo kwa kawaida una ulinzi wake, unatoka unasafisha njia. Ukiweka mpira umejenga daraja, wadudu wanapanda ukutani mwa ule mpira wanajitengenezea utando wa ute, humo ndani wamebanana bega kwa bega, na sasa kumbuka habari ya desa, kubanana huko ndo chumba chao cha fotokopi. Kila siku moja mpira unapokaa nafasi ya kupata bakteria kwenye mkojo ni kama asilimia 3 mpaka 7, ikifika mwezi karibu kila mtu anao. Nyonga ikishatengenezwa mgonjwa akaweza kukaa kwenye beseni mpira utoke. Huwa naona unakaa kwa sababu hakuna aliyeulizwa unatoka lini.

Ngoja nikupe kisa kimoja, hospitali sitaitaja na wala sio lazima iwe ninapofanyia sasa. Ilikuwa wodi ya watoto wachanga, ndani ya siku tisa tukapata klebsiela kwenye damu ya watoto watano. Mimi nikapanga sahani mezani, tano, nikaziangalia, sikuhitaji mashine. Kwenye hicho kipimo unapaka mdudu kwenye jeli halafu unaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, dawa ikifanya kazi panabaki duara jeupe lisilo na mdudu. Sahani tano, maduara yaleyale, upana uleule kwa milimita, kidonge cha seftriaksoni mdudu kaota mpaka mlangoni. Huyo ni mdudu mmoja. Tukaingia wodini na vijiti vya pamba tukapaka kila kitu, vitanda, mizani, oksijeni, hatukupata. Tukaja kumpata kwenye sabuni. Chupa ya sabuni ya maji ya kunawia, ilikuwa ikiisha inaongezewa juu kwa juu na inazimuliwa maji ili ifike mwisho wa mwezi, haijawahi kuoshwa ikakaushwa. Yaani wale waliokuwa wananawa, wale watiifu kabisa, ndo waliokuwa wanambeba. Watoto wawili hawakutoka. Mpaka leo nikiona mtu anaongezea sabuni kwenye chupa nusu, hata hotelini, moyo unanishtuka.

Na usidhani ni umaskini wetu tu. Mwaka 2011 hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani kule Bethesda, yenye kila kitu, aliingia mgonjwa mmoja na klebsiela sugu hata kwa akina meropenemu, wakamtenga toka siku ya kwanza, akatoka salama. Wiki tatu baadaye akaibuka kwa mwingine. Wakafika wagonjwa 18, kumi na mmoja wakafariki, sita kati yao kwa huyo mdudu. Walisoma vinasaba vyake vyote herufi kwa herufi kufuatilia nani kampa nani, wakakuta wengine wamembeba kimyakimya bila dalili wiki kadhaa. Walimkuta mpaka kwenye mabomba ya sinki.

Huko kumbeba kimyakimya ndo jambo ambalo watu hawalijui. Ukichukua kinyesi cha watu wazima wenye afya mtaani kwenu ukaotesha, utapata wenye ESBL na hawaumwi chochote. Mdudu yuko tumboni anakula mabaki tu. Anakuwa tatizo akihama njia, akiingia kwenye mkojo, kwenye kidonda, kwenye damu kupitia kanula, ule mrija wa dripu. Kwa hiyo inawezekana pia mama aliingia hospitali tayari anaye, kampata kwenye maji au mboga au kwa kuku, na wodi ikampa tu daraja la kupandia. Mimi kwa kuangalia karatasi siwezi kukuambia ni lipi na daktari naye hawezi.

Kuhusu kuku nipite haraka maana ni mada ya siku nyingine: huku kwetu tunafuga kuku wa kisasa na kumwaga OTC, antibiotiki ya mifugo, kwenye maji yao hata wasipoumwa, halafu samadi inakwenda kwenye mchicha. Desa halijui mpaka kati ya banda na wodi.

Kitu kingine kinachonikera ni pale mtu anaposema "mimi situmii dawa kali, natumia Septrin tu". Kumbuka karatasi moja ina majibu mengi. Ukimeza Septrin bila sababu unaua wasio na desa, wanabaki wenye desa, na hilo desa mara nyingi lina jibu la Septrin na la seftriaksoni pamoja. Umechochea usugu wa sindano ambayo hujawahi kuchomwa. (Wale mnaopewa Septrin kliniki kwa mpango, ya kinga, hiyo endeleeni, ni hesabu nyingine na faida yake ni kubwa.)

Yule daktari kijana sasa. Kuuliza alikuwa na haki, mtu aliyetumia antibiotiki miezi mitatu iliyopita kweli nafasi yake ya kuwa na sugu inapanda na inasaidia kuchagua dawa. Ila ingetosha "mama ametumia dawa gani karibuni?", kwa sauti ya chini, kitandani. Mkubwa wa miaka 71 huwezi kumsomea mashtaka mbele ya wodi nzima. Na kama ningekuwepo ningemuuliza na yeye kwa nini mkojo ulioteshwa siku ya nne na sio ya kwanza kabla ya kuchoma, maana majibu yanachukua siku mbili mpaka tatu, siku hizo mama alikuwa anachomwa maji ya chumvi. Sio mzaha hii. Kuna kazi ilifanyika Muhimbili ikachapishwa 2005, watoto walioambukizwa damu na wadudu wa ESBL walifariki asilimia 71, wenye jamii hiyohiyo ya wadudu ila bila ESBL asilimia 39. Ni watoto wadogo, tena miaka ya nyuma, mama yako ameshavuka, nakutajia tu uone kwa nini kupoteza siku nne kunaniuma.

Haya mjukuu. Waholanzi walichukua wasafiri kama 2,000 wenye afya wakawapima kabla na baada ya safari zao za Asia, Afrika na kwingine, wakachapisha 2017. Asilimia 34 walirudi na ESBL tumboni. Nusu yao walimpoteza ndani ya siku 30 bila dawa yoyote, baada ya mwaka walibaki kama asilimia 11. Na nafasi ya kumpa mtu wa nyumbani waliikadiria asilimia 12. Mama ni mzee na katoka kwenye antibiotiki kwa hiyo kwake inaweza kuchukua miezi mingi zaidi, lakini uone picha: mdudu huyu haruki hewani, hapiti kwa kukumbatiwa, wala kwa kikombe. Anapita kinyesi na mkojo kwenda mkono kwenda mdomo. Na hata mtoto akimpata, mtoto mzima wa miaka miwili asiye na mpira wala kanula, kinachotokea mara nyingi ni hakuna, anakaa tumboni anaondoka. Ingekuwa ni kichanga wa wiki moja, njiti, ningekuwa mkali zaidi.

Kwa hiyo anayembadilisha mama pampasi au kumsaidia chooni anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni ya kipande, asugue mpaka katikati ya vidole, sio kuchovya kwenye beseni. Taulo ya mama iwe yake. Choo kisafishwe na dawa ya kawaida ya klorini, Jik inatosha. Mama mwenyewe anawe kabla hajamlisha mtoto kwa mkono, najua mabibi zetu wa Kichaga ndizi lazima waponde kwa mkono wao. Hayo tu. Sahani, nguo, kitanda, mabusu, endeleeni. Na msimpe mtoto antibiotiki ya "kinga" eti kwa sababu ya bibi, mkifanya hivyo ndo mnamfagilia klebsiela njia.

Halafu jambo ambalo najua litakuja, maana linakuja kila mara. Mtampeleka mama kupima mkojo "tuone kama umeisha", kule watapima kwa kijiti au darubini dakika kumi, wataona seli za usaha au bakteria, wataandika UTI sugu, sindano tano tena. Kataa hilo kwa heshima. Wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo na hawaumwi, bila homa, bila maumivu ya kukojoa, bila kuchanganyikiwa ghafla, hautibiwi mkojo wa karatasi. Na hiyo "UTI sugu" ya mitaani nusu yake haijawahi hata kuoteshwa, mtu ameona neno kwenye cheti cha kipimo cha dakika kumi akahukumiwa. Ila homa ikirudi na baridi la kutetemeka, au mama akaanza kuongea vitu visivyoeleweka, siku hiyohiyo hospitali, na useme kwanza wachukue mkojo na damu wakaoteshe kabla ya sindano ya kwanza.

Meropenemu mlinunua kwa uchungu lakini haikuwa wizi, kwa ESBL aliyepanda mpaka homa kali ndo chaguo la wengi duniani. Ninachoogopa mimi ni ikiisha hiyo, kwa sababu desa la kuivunja nayo lipo, mojawapo, NDM, lilionekana 2008 kwa mgonjwa aliyekuwa Uswidi akitokea kulazwa India, kwa klebsiela vilevile, na tangu hapo limezunguka mabara.

Mwisho hiyo karatasi ya majibu ya kuotesha usiitupe, ipige picha iweke kwenye simu yako na ya kaka yako. Nyonga ile akirudi kliniki wakasema kuna skrubu ya kurekebisha, au akalazwa kwa jambo lolote mwaka huu, iwe kitu cha kwanza kuonyesha kabla hawajaandika dawa, na uwaulize mpira wa mkojo kama unahitajika kweli na kama ndiyo unatoka siku gani. Na ukikuta nesi anakwenda kwa mama akitokea kitanda cha jirani bila kunawa, mwambie, taratibu tu, "dada samahani sabuni ipo hapa nimeleta". Peleka kipande cha sabuni, sio ya chupa.